Somo la Kujifunza: Mtopetope-mwitu na Moto wa Kiangazi

Masomo ya Biblia: Ayubu 14:7–10, Kutoka 22:6, Yakobo 3:5, Warumi 15:1–2



Kila mwaka, masika yakiisha na nyasi zikianza kukauka, twaona moshi hapa na pale kwenye miteremko ya milima yetu ya Uluguru. Na kila mwaka husikika maneno yale yale: "Moto haudhuru kitu. Vichaka huchipua tena. Tazama, wiki chache tu baada ya kuchoma, majani mabichi yamerudi."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni vigumu kuyajibu. Tukimwambia mwenzetu kwamba moto huua kila mmea, atatuonyesha kichaka kilichochipua, nasi tutanyamaza. Basi katika somo hili tutachukua kichaka kimoja tu, kile ambacho watoto wetu hukijua kwa matunda yake, tukichunguze kwa makini. Tutaona kinavyopona moto. Kisha tutauliza: Je, kupona kwake ni ruhusa ya kuchoma mlima?

1. Tuujue mmea wenyewe

Kichaka chenyewe ni mtopetope-mwitu. Wengine huuita mtomoko-mwitu, na makabila yetu mengi yana majina yao. Jina lake la kitaalamu ni Annona senegalensis. Jina hilo lilitolewa mwanzoni mwa karne ya 19, nalo linataja nchi ya Senegal, lakini mmea huu haukai huko peke yake. Unaenea kutoka Afrika Magharibi hadi kwetu Afrika Mashariki, na kusini mpaka Afrika Kusini. Kwetu utauona katika vichaka na nyika za pwani, na huku bara katika nyasi na misitu ya miombo, yaani katika nchi ambayo hupitiwa na moto mara kwa mara.

Ni ndugu wa mstafeli na wa mtopetope wa bustanini. Tofauti ni kwamba hao wawili walikuja kwetu kutoka Amerika, wakaletwa na mabaharia na wafanyabiashara. Huyu wa mwituni ni mwenyeji wa Afrika tangu asili.

Mahali unapoachwa kwa amani, mtopetope-mwitu hufikia kimo cha meta mbili hadi sita. Mahali panapochomwa kila mwaka, hubaki mfupi, pengine usipite magoti ya mtu mzima. Majani yake ni mapana, yenye umbo la yai, rangi ya kijani inayoelekea ubuluu, na ukiyafikicha hutoa harufu.

Maua yake watu wengi hawajapata kuyatazama, maana hayana rangi ya kuita macho. Ni madogo, upana wake ni sentimeta mbili au tatu hivi, nayo huinama kuelekea chini. Yana petali sita nene, tatu nje na tatu ndani, rangi yake ni kati ya maziwa na manjano ya kijani. Hayafunguki sana kama waridi. Wanaoyatembelea ni mbawakawa wadogo wanaovutwa na harufu. Tena kuna utaratibu wa ajabu ndani yake: sehemu za kike za ua huwa tayari kwanza, na chavua humwagika baadaye. Kwa njia hiyo mdudu huleta chavua ya ua jingine, na mmea haujichavushi ovyo.

Tunda lake ni dogo, kama limau au pungufu, lenye magamba kama ya topetope. Likiwa bichi ni la kijani, likiiva huwa la manjano au rangi ya chungwa, na harufu yake nzuri husikika kabla hujaliona. Watoto wachunga mbuzi hawahitaji kufundishwa habari hizo. Zaidi ya tunda, majani huliwa na mifugo, na gome hutoa rangi ya kutia vitu. Wako pia wanaotumia mizizi yake kwa dawa. Juu ya hilo mwandishi hana la kuwashauri, ila kwamba mgonjwa apelekwe zahanati.

2. Namna unavyopona moto

Sasa tufike kwenye jambo letu. Moto wa nyasi umepita. Matawi ya mtopetope-mwitu yamekuwa meusi, majani yameungua yote. Mtu asiyejua atasema umekufa. Baada ya muda si mrefu, machipukizi yanatoka ardhini, laini na ya kijani, huku nyasi za pembeni zingali majivu. Nguvu hiyo imetoka wapi?

Mkitaka kujua, chukueni jembe dogo mkakwangue udongo taratibu kuzunguka kisiki kimoja kilichoungua. Msikikate. Mtaona kwamba sehemu iliyo chini ya ardhi ni nene na imara kuliko vijiti vilivyokuwa juu. Hapo pana mambo matatu.

Kwanza, udongo ni blanketi. Moto wa nyasi ni mkali lakini hupita upesi, na joto lake hupanda juu zaidi kuliko linavyoshuka. Sentimeta chache tu chini ya ardhi, joto huongezeka kidogo sana. Sehemu iliyofichwa humo haiungui.

Pili, mizizi ni ghala. Wakati wote wa mvua, majani yalikuwa yanatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu ya chakula hicho ikapelekwa chini ikawekwa akiba kama wanga, mfano wa muhogo.

Tatu, yako macho ya kuchipulia, kama macho ya kijiti cha muhogo tunachopanda. Mengine yako kwenye shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mzizi; mengine yako kwenye mizizi yenyewe iliyotambaa mbali. Ndiyo maana pengine tunaona vichaka vingi vilivyosimama karibu karibu, kumbe chini ni mmea mmoja.

Basi tuseme wazi: moto haukuupa mtopetope-mwitu uhai. Uhai ulikuwa chini, umewekwa kabla ya moto kuja. Asifiwe aliyeweka akiba, wala si aliyekuja kuichoma.

Tena tukumbuke kwamba akiba hupungua. Kila mara mmea unapochipua upya hutoa chakula ghalani. Ukipata misimu ya kutosha ya kurudisha kilichotolewa, hauna shida. Lakini ukichomwa kila mwaka, hasa mwishoni mwa kiangazi wakati nyasi zimekauka kabisa na moto ni mkali, hubaki unachipua tu bila kukua. Hauna nafasi ya kuchanua vema wala kuzaa.

Lililo zito zaidi ni habari ya watoto wake. Mche uliotoka kwenye mbegu mwaka huu hauna ghala bado. Mzizi wake ni kama uzi. Moto ukipita, mche huo hauchipui. Kwa hiyo katika eneo linalochomwa bila kupumzika, utaona wazee wanachipua kila mwaka, ukadhani mambo ni mema, kumbe hakuna mtoto hata mmoja anayekua kuchukua nafasi zao. Mtu anayetazama majani mabichi peke yake hataliona jambo hilo. Inambidi apige magoti, atafute miche.

3. Vichaka vya moto katika nchi nyingine

Mtopetope-mwitu si peke yake. Kule Rasi ya Afrika Kusini, karibu na bahari, kuna nchi pana ya vichaka vinavyoitwa fynbos. Humo zimejaa mbegu za jamii ya Erica na Protea, ambazo maua yake hupendwa duniani kote. Nchi hiyo nayo huungua. Baadhi ya vichaka vyake huchipua kutoka chini kama mtopetope wetu. Vingine hufa kabisa, lakini huacha mbegu zilizosubiri ardhini au ndani ya vikonyo vigumu.

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Afrika Kusini, de Lange na Boucher, walitoa habari ya kichaka kidogo cha maua kiitwacho Audouinia capitata. Walionyesha kwamba moshi wenyewe, hata bila joto la moto, huziamsha mbegu zake ziote. Mwaka 2004 watafiti wa Australia wakaitambua kemikali moja ndani ya moshi yenye uwezo huo. Tazameni hekima ya Muumba: mbegu iliyolala gizani hupata habari kwa moshi kwamba juu pamekuwa peupe na jua linafika.

Lakini hata huko wenyeji hawasemi kwamba moto ni mwema siku zote. Vichaka vile vinavyotegemea mbegu huhitaji miaka mingi, pengine kumi au zaidi, kukua na kuweka mbegu za kutosha. Moto ukirudi mapema mno, unakuta wazazi hawajazaa, na aina hiyo ya mmea hutoweka mahali hapo. Hata mimea iliyoumbwa kukabili moto ina kipimo chake.

4. Msitu wa juu haukuumbwa hivyo

Sasa tuinue macho kutoka kwenye vichaka vya chini tutazame juu. Mji wetu wa Morogoro uko kwenye kimo cha meta 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu, upande wa kusini wa Uluguru, kinapita meta 2,600. Kati ya hapa na kule mimea hubadilika mara kadhaa. Huku chini ni nyasi, vichaka na miombo, mahali ambapo mimea mingi imezoea moto. Kule juu ni msitu wa ukungu, wenye unyevu karibu mwaka mzima. Ni sehemu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Katika misitu hiyo iko mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye ukubwa wa hekta zaidi ya 24,000.

Miti ya msitu huo haikuwa na sababu ya kujiandaa kwa moto. Mingi ina gome jembamba. Mizizi yake mingi imetambaa juu juu, katika takataka za majani yaliyooza, na takataka hizo zikikauka huungua polepole kwa muda mrefu, zikaipika mizizi.

Tuchukue mfano mdogo wa ua. Katika miamba yenye maji na kivuli huko Uluguru huota ua la zambarau liitwalo Saintpaulia goetzeana. Ni ndugu wa yale maua ya vyungu yanayowekwa madirishani huko Ulaya na Marekani, ambayo asili yake ni Usambara. Baron Walter von Saint Paul alipeleka Ujerumani mbegu zake mwaka 1892. Majani yake ni laini, yamejaa maji. Chini yake hakuna mzizi mnene wala ghala. Huyu hahitaji hata kuguswa na moto. Miti iliyo juu yake ikiungua na jua likaingia, hukauka akafa.

Kwa hiyo moto ni mmoja, lakini mapito yake hayafanani. Ukipita kwenye mtopetope-mwitu, mmea huinuka. Ukipita kwenye ua lile la mwambani, habari yake imekwisha. Na mti mkubwa wa msituni ukifa, mahali pake huingia dengelua za nyasi na magugu yanayokauka kila kiangazi, na hayo huita moto mwingine mwaka unaofuata. Hapo mtu akipita atasema, "Mbona pana majani mabichi?" Ndiyo, yapo, lakini si msitu tena.

Jambo hilo linatugusa sisi hapa chini. Miti ya mlimani huzuia mvua isianguke kwa kishindo juu ya udongo, na huchana ukungu ukawa matone. Maji huzama, kisha hutoka taratibu kwenye chemchemi hata kiangazi. Mto Morogoro, Mgeta na vijito vingi vya Ruvu hutoka huko. Mto Ruvu hunywesha hata Dar es Salaam. Mtu anayefungua bomba Dar es Salaam huenda hajapata kuiona Uluguru, lakini anakunywa maji yaliyolindwa na miti yake.

Tena yatupasa kujua tabia ya moto mlimani. Moto hupanda haraka kuliko unavyoshuka, maana ndimi zake hukausha majani yaliyo juu yake kabla hazijayafikia. Mchana, jua likipasha miteremko, upepo nao kwa kawaida huvuma kuelekea juu. Mashamba yetu yako chini, msitu uko juu. Maana yake ni kwamba moto uliotoroka shambani huelekea msituni.

Wengi tunakumbuka habari za Kilimanjaro mwezi wa Oktoba 2020, moto ulipounguza eneo la kilometa za mraba zipatazo 95, na sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa vichaka vya jamii ile ile ya Erica niliyoitaja. Taarifa za mwanzo zilisema ulitokana na moto mdogo wa kupashia chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi na wanavijiji wakiwamo.

5. Kwa nini watu huchoma?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mama mjane mwenye jembe moja na shamba lenye magugu hana nguvu ya kulima mteremko mzima kwa mikono. Kiberiti ni mfanyakazi asiyedai mshahara. Mwingine huchoma kufukuza nyoka na panya. Mchungaji wa mbuzi anataka majani mabichi. Mrina asali huenda na mwenge, naye mchoma mkaa huacha tanuri likifuka. Majivu pia hunenepesha udongo kwa msimu mmoja, na mkulima anayeona mahindi yake yanastawi mwaka wa kwanza hawezi kuambiwa kwamba hakuona kitu. Ukweli ni kwamba mvua zikija kwenye mteremko ulio wazi, majivu na udongo mzuri hushuka mtoni pamoja.

Tena historia yetu inatufundisha jambo. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kulinda udongo haikuwa mbaya, lakini watu waliamriwa bila kusikilizwa, kazi ikawa nzito na faida hawakuiona. Mwaka 1955 hasira ililipuka huko Matombo, na mpango huo ukaachwa. Anayetaka kulinda mlima leo hana budi kukumbuka hayo. Kumkemea mkulima na kumwacha na jembe lake lile lile si kumsaidia. Atawasha usiku.

6. Neno la Mungu latufundisha nini?

Soma Ayubu 14:7–10. Ayubu anasema kwamba mti ukikatwa una tumaini. Hata mzizi wake ukizeeka na kisiki chake kikionekana kimekufa, ukinusa maji tu utachipua. Mara nyingi tunaishia hapo kwenye mahubiri, tukasema, "Amina, tutachipua." Lakini Ayubu hakuishia hapo. Katika mstari wa 10 anamgeukia mwanadamu, na kwa uchungu anasema kwamba yeye hufa akalala. Ayubu aliutazama mti unaochipua, asiuchukue kuwa kanuni ya kila kitu. Alijua viko vitu ambavyo vikianguka haviinuki kwa nguvu zake vyenyewe. Sisi Wakristo tunaamini ufufuo, lakini ufufuo ni kazi ya Mungu, si tabia ya kisiki.

Soma Kutoka 22:6. Mtu akiwasha moto, ukashika miiba, ukaenda ukateketeza miganda au nafaka au shamba la mwenzake, aliyewasha atalipa. Angalieni: sheria hiyo haiulizi kama alikusudia. Haiulizi kama upepo uligeuka. Aliyewasha ndiye mwenye deni. Miganda ya ngano iliweza kulipwa. Msitu uliokua kwa mamia ya miaka tutaulipa kwa nini? Ndiyo maana yafaa kulizuia deni kabla halijaingia.

Yakobo 3:5 anautumia moto kama mfano wa ulimi: moto mdogo sana huwasha msitu mkubwa. Yakobo alitaka tuuogope ulimi kwa kuwa wasomaji wake walikwisha kuujua moto. Tusifikie mahali ambapo tunaelewa fumbo na kuusahau moto wenyewe.

Mwisho, Warumi 15:1–2. Mtume Paulo anasema sisi tulio na nguvu imetupasa kuuchukua udhaifu wao wasio na nguvu, wala tusijipendeze wenyewe. Hapa ndipo mtopetope-mwitu unapotufundisha kwa njia ambayo pengine hatukuitazamia. Mara ngapi mzazi husema, "Mimi nilipigwa nikiwa mtoto, na nikakua, wacha naye apigwe"? Mara ngapi katika mtaa wetu aliyepita katika njaa, au ndoa yenye mateso, au msiba, humwambia mwenzake, "Mbona mimi nilipona?" Alipona kweli, na Mungu asifiwe. Lakini huenda alikuwa na ghala chini: mama aliyemwombea, shangazi aliyempa chakula, shule, afya, imani iliyopandwa mapema. Aliye mbele yake leo huenda ni mche wa mwaka mmoja. Kupona kwa mwenye mizizi si kipimo cha kumtwika asiye na mizizi.

Kwa hiyo tunalo fundisho la pande mbili. Kwanza, tuweke akiba chini wakati wa mvua: sala, Neno, ushirika na matendo ya upendo, maana moto hauji na taarifa. Pili, tusiwashe moto juu ya jirani kwa sababu sisi tutachipua.

7. Tufanye nini katika mtaa wetu?

(a) Wenye mashamba karibu na msitu wajaribu kuacha kuchoma magugu. Yafyekwe na kulazwa kwa mstari kukingama mteremko, yaoze, yashike udongo. Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Vijana na Umoja wa Akina Mama wapange siku ya kuwasaidia wajane na wazee kabla ya vuli. Siku mbili za majembe kumi zitazuia moto kuliko mahubiri kumi.

(b) Anayelazimika kuchoma eneo la chini, kwanza apate kibali cha serikali ya kijiji na kuwajulisha majirani. Asafishe njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba. Asichome peke yake, wala mchana wa jua na upepo. Asiondoke mpaka majivu yamepoa. Ndani ya hifadhi ya msitu ni marufuku.

(c) Warina asali na wachoma mkaa ni ndugu zetu, na wengine huketi nasi kanisani. Tuzungumze nao kwa upole kabla ya kiangazi, si baada ya moto.

(d) Darasa la Jumapili lichague vichaka vitatu vya mtopetope-mwitu: kimoja mahali palipochomwa mwaka huu, kimoja mahali palipopumzika, na kimoja ukingoni mwa shamba. Watoto wapime kimo kwa kamba mara moja kila mwezi, wahesabu maua na matunda, na watafute miche midogo pembeni. Waandike kwenye daftari yale waliyoyaona, hata kama si yale waliyoyatazamia. Baada ya mwaka wasome matokeo mbele ya usharika.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja mambo matatu yanayouwezesha mtopetope-mwitu kuchipua baada ya moto.
2. Kwa nini mahali panapochomwa kila mwaka pana vichaka vizee lakini hapana miche?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini moto wa shambani hukimbilia msituni.
4. Soma tena Ayubu 14:7–10. Ayubu alitaka kusema nini alipolinganisha mti na mtu?
5. Kwa mujibu wa Kutoka 22:6, aliyewasha moto bila kukusudia madhara ana deni? Jadilini mfano wa kijijini kwenu bila kumtaja mtu.
6. Ni nani katika mtaa wetu aliye kama mche usio na ghala, nasi twaweza kumfanyia nini mwezi huu?

Sala

Ee Mungu, Muumba wetu, umeweka uhai mahali ambapo moto haufiki, na umetupa milima iwe chemchemi ya maji yetu. Utupe mizizi katika Mwanao. Utufundishe kuchukuliana mizigo, ili asiye na nguvu asiteketee kwa ajili ya uzembe wetu. Uilinde Uluguru kiangazi hiki, na mikono yetu uiongoze. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.